Moyo, Maji na Watoto wa Pwani

Ukitoka Likoni kuelekea kusini, barabara inapita Tiwi na Ukunda, penye njia ya Diani, inafuata Gazi na Msambweni, kisha inafika mpakani Lunga Lunga. Ng'ambo ni Horohoro, na mbele yake Tanga na Muheza. Ukielekea kaskazini, ukavuka kivuko na kuipita Mombasa, utafika Kilifi. Kaunti ya Kwale, inakopita barabara hiyo, imekaa katikati ya Kilifi na Muheza, na watu wake wana ndugu pande zote mbili. Wadigo wako Msambweni kama walivyo Tanga, na Mijikenda wenzao wamejaa Kilifi. Magonjwa yanayowajaza watoto wadini nayo ni yale yale: malaria, homa ya mapafu, na damu kupungua.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, hospitali za Kilifi na Muheza, pamoja na nne za Uganda, zilifanya jaribio la kitabibu ambalo matokeo yake yaliwashtua madaktari wa dunia nzima. Msingi wake ulikuwa swali la zamani: moyo ukijazwa zaidi, je, hutoa damu zaidi? Na ukitoa zaidi, je, mgonjwa hupona? Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa Ulaya karibu miaka mia moja kabla. La pili lilidhaniwa kuwa na jibu lile lile. Watoto wa Afrika Mashariki ndio walioonyesha kwamba hayo ni maswali mawili tofauti, na habari yao inastahili kusimuliwa tangu mwanzo.

Chura wa Munich, mbwa wa London

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika. Kabla ya kila pigo, chumba chake cha chini cha kushoto huwa kimejaa damu kiasi cha mililita 120. Kinapojikaza hutoa mililita 70 hivi, na iliyobaki husubiri pigo linalofuata. Kwa dakika moja zinapita lita 5, ambazo ni karibu damu yote ya mwilini. Mtu huyo akilala chali baada ya kusimama kwa muda mrefu, damu iliyotuama miguuni hurudi kifuani kwa wingi, na moyo huitoa papo hapo, bila kungoja amri ya ubongo.

Mjerumani Otto Frank alilipima jambo hili kwa makini. Mwaka 1895, akiwa Munich, alichapisha uchunguzi alioufanya kwa moyo wa chura. Aliona kwamba kadiri moyo ulivyojazwa zaidi kabla ya kujikaza, ndivyo msukumo wake ulivyokuwa mkubwa, mpaka ukafika kikomo. Huku kwetu mwaka huo ulikuwa wa vita. Uingereza ilitangaza himaya yake Julai 1895, na Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi alipigana nayo mpaka Aprili 1896, alipovuka kuingia upande wa Wajerumani. Elimu ya moyo ilikuwa ikijengwa mbali sana na Gazi, na wajenzi wake hawakuwa na habari na watoto wa huku.

Mwingereza Ernest Starling aliifikisha kazi hiyo mbele zaidi. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha London, yeye na wenzake waliuacha moyo wa mbwa ukiwa bado umeunganishwa na mapafu, lakini mwili uliobaki wakauweka pembeni na mahali pake wakatia mirija ya kioo na mpira. Damu iliingia moyoni kutoka chombo cha juu, na Starling aliweza kuongeza au kupunguza kiasi chake apendavyo. Mwaka 1914, pamoja na Sydney Patterson na Hans Piper, alichapisha matokeo. Damu inayoingia ilipoongezwa, moyo ulitanuka, na mapigo machache baadaye ulikuwa ukitoa yote uliyopokea. Nguvu ya moyo ilitokana na urefu wa nyuzi za misuli yake kabla ya kujikaza. Mwaka 1915 aliifafanua kanuni hiyo katika mhadhara maarufu wa Linacre, Cambridge, na tangu hapo wanafunzi wa udaktari huijua kama sheria ya Frank na Starling.

Mpira wa manati unatosha kuieleza. Ukiuvuta kidogo, jiwe huanguka karibu. Ukiuvuta zaidi, huenda mbali. Lakini ndani ya moyo mambo ni ya hali ya juu kuliko mpira. Nyuzi za protini ziitwazo aktini na myosini zimepangwa zikipishana, na kunyoosheka kidogo huziweka mahali pazuri pa kushikana na kuvutana, huku zikiongeza wepesi wao wa kuitikia kalisi, madini yanayowasha kila pigo.

Starling aliona pia kwamba sheria hii ina ukingo. Ukizidi kuujaza moyo, hufika mahali usipoweza kuongeza chochote, na ukisukumwa zaidi ya hapo, hutoa pungufu. Moyo uliodhoofika hufika ukingoni mapema.

Upande mwingine wa sheria hiyo ulionekana Kampala. Mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies wa Hospitali ya Mulago alieleza ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo huota makovu mazito. Misuli ya mgonjwa huweza kujikaza vizuri, lakini chumba kimekuwa kigumu na kidogo, hakitanuki kupokea damu. Kwa kuwa hakijai, hakina cha kutoa. Tumbo na miguu hufura maji, na mgonjwa hudhoofika. Ugonjwa huo umeonekana pia katika pwani ya Msumbiji. Moyo usiojazika hauna faida na nguvu zake.

Maji ndani ya mshipa

Kabla ya Frank na Starling, kulikuwa na daktari wa Scotland, Thomas Latta. Mwaka 1832 kipindupindu kilipoingia mjini Leith, aliona wagonjwa waliokauka kwa kuharisha, damu yao nzito, mapigo yamepotea. Aliwatia maji ya chumvi moja kwa moja mshipani. Wengine walifumbua macho na kuzungumza. Wengi walikufa baadaye, na njia yake ikaachwa kwa miongo mingi. Kipindupindu kilipoteremka kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani na kuingia Unguja mwaka 1869, kikaua maelfu ya watu pwani nzima, daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar aliifuatilia njia yake kwa makini na kuitolea kitabu mwaka 1876. Dawa ya uhakika hakuwa nayo.

Sheria ya moyo iliyapa maji ya Latta sababu. Mtu aliyeharisha sana au kumwaga damu, mishipa yake imebaki karibu mitupu. Kidogo kinarudi moyoni, na kidogo ndicho kinachotoka. Mjaze maji, moyo utatanuka na kurudi kazini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, na risasi kusikika hata Gazi mnamo Oktoba 1914 na Jasini, kusini mwa Vanga, mnamo Januari 1915, madaktari wa majeshi huko Ulaya walikuwa wakiwatazama askari waliopauka kwa kupoteza damu. William Bayliss, shemeji na mshirika wa Starling, alipendekeza watiwe maji ya chumvi yenye gundi ya mgunga ili yakae mishipani kwa muda mrefu.

Tangu hapo dripu ikawa alama ya tiba yenyewe. Pwani yetu mtu akisimulia kwamba mgonjwa alizidiwa, husema alitundikiwa maji. Mwishoni mwa karne ya 20 imani hiyo ilipata nguvu mpya. Mwaka 1991 watafiti wa Washington waliripoti watoto 34 waliozidiwa na maambukizi ya damu; waliopewa maji mengi katika saa ya kwanza walipona zaidi. Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake mjini Detroit waliripoti wagonjwa wazima 263. Kwa waliotibiwa mapema kwa maji, dawa za kuinua presha na vipimo vya karibu, vifo vilishuka kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Miongozo ya nchi tajiri ikaelekeza kwamba mtoto aliyezidiwa apewe hata mililita 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake, tena kwa haraka. Kwa mtoto wa kilo 10 hizo ni mililita 600. Damu yake yote ni kama mililita 800.

Watoto 34 ni wachache. Tena walikuwa katika wadi zenye mashine za kupumulia, vipimo vya kila dakika, na muuguzi aliyekaa karibu na kitanda. Miongozo ilisafiri duniani. Mashine hazikusafiri nayo.

Kilifi

Mwaka 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilianzishwa Kilifi, kikafanya kazi bega kwa bega na hospitali ya wilaya. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa humo na malaria. Waliokufa walikuwa asilimia 3.5, na sehemu kubwa yao walikuwa watoto waliopoteza fahamu au waliohema kwa shida. Katika wengi, kuhema huko kwa kina kulikuwa dalili ya asidi kujaa katika damu, kwa kuwa tishu zilikosa oksijeni ya kutosha.

Hapo swali la moyo likaibuka tena. Je, watoto hao mioyo yao ilikuwa haijazwi? Mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya haraka, na ngozi inayochelewa kurudisha rangi baada ya kubonyezwa, zote zilionyesha damu isiyozunguka vizuri. Daktari Kathryn Maitland, aliyefanya kazi Kilifi, aliamini kwamba maji yangewasaidia, na majaribio madogo yalimpa tumaini. Lakini kwingi Afrika Mashariki watoto hao walikuwa wakipewa maji ya taratibu tu, na hapakuwa na ushahidi mkubwa wa kuamua. Njia ya haki ilikuwa moja: kupima.

Jaribio hilo liliitwa FEAST. Maitland aliliongoza akiwa na madaktari wa eneo letu: Sarah Kiguli na Robert Opoka wa Mulago, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Charles Engoru wa Soroti, Richard Nyeko wa Lacor, George Mtove wa Muheza, na Samuel Akech wa Kilifi. Walipokea watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12 wenye homa kali, waliopoteza fahamu au kuhema kwa shida, na ambao damu yao haikuzunguka vizuri. Waliokuwa wakiharisha, wenye utapiamlo mkali, walioungua na waliojeruhiwa hawakuingizwa. Kwa kura, theluthi moja walipewa maji ya chumvi kwa haraka, theluthi nyingine maji ya albumini kwa haraka, na theluthi ya mwisho maji ya taratibu peke yake. Wote walipata dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni, na damu kwa aliyehitaji.

Wazazi walifika na watoto walio ukingoni mwa kifo, na muda wa kusomewa karatasi ndefu haukuwepo. Penye dharura ya namna hiyo, mzazi aliombwa ridhaa ya mdomo kwanza, na maelezo kamili yakafuata hali ilipotulia. Mama na baba waliokubali wakati huo walibeba mzigo ambao msomaji wa takwimu anapaswa kuukumbuka.

Januari 2011

Watafiti walikusudia kufikisha watoto 3,600. Kamati huru iliyosimamia usalama wa jaribio ilipitia hesabu na kuona hatari. Mnamo Januari 2011 ilishauri usajili usimamishwe, na ukasimamishwa, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia katika kundi kuu.

Hesabu ilikuwa hivi. Ndani ya saa 48, kati ya waliopewa albumini kwa haraka walikufa asilimia 10.6. Waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, asilimia 10.5. Waliopewa maji ya taratibu, asilimia 7.3. Katika kila watoto mia waliojazwa maji haraka, watatu zaidi walikufa kuliko wenzao. Baada ya wiki nne tofauti ilikuwa bado ipo. Matokeo yalichapishwa Mei 2011 katika jarida la tiba la New England.

Madaktari wengi wa nchi tajiri walikataa kuamini. Wengine walisema huenda ni malaria. Lakini asilimia 57 ndio waliokuwa na vimelea vya malaria, na madhara yalionekana kwa wenye malaria na wasio nayo. Wengine walisema ni upungufu wa damu. Theluthi moja ya watoto walikuwa na damu iliyopungua vibaya, lakini madhara yalionekana kwao na kwa wenzao. Yalionekana katika kila kundi walilolitenganisha.

Jambo la kuhuzunisha zaidi lilitolewa mwaka 2013, Maitland na wenzake walipochunguza jinsi watoto walivyokufa. Saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za mzunguko mbaya zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 ya waliojazwa maji haraka, dhidi ya asilimia 32 ya wenzao. Kwa macho ya daktari aliyekaa kando ya kitanda, maji yalikuwa yanafanya kazi. Sheria ya Starling ilikuwa imetimia. Kisha, baada ya saa kadhaa, watoto hao hao wakaanza kuzimika. Wengi hawakufa kwa mapafu kujaa maji, kama ilivyohofiwa. Mzunguko wa damu uliporomoka. Vifo vya namna hiyo vilifika asilimia 4.6 kwa waliojazwa maji na 2.6 kwa wasiojazwa.

Kwa nini

Michael Levin, aliyekuwa mmoja wa watafiti wenyewe, alizipitia data upya na wenzake na kuchapisha mwaka 2019. Walionyesha kwamba maji ya haraka yalizidisha ugumu wa kupumua na kuzorota kwa fahamu, yaliongeza asidi katika damu kwa sababu ya kloridi iliyomo katika chumvi, na yaliipunguza nguvu damu kwa kuichanganya.

Hapa ndipo Kwale inapoingia kwa uchungu wake. Moyo unaweza kutoa damu nyingi, lakini mwili hauishi kwa wingi wa damu. Unaishi kwa oksijeni iliyobebwa na damu hiyo. Mtoto ambaye damu yake imepungua kwa malaria au kwa minyoo ya safura tayari moyo wake unapiga haraka na kutoa kwa wingi ili kufidia. Moyo unaopiga haraka sana una muda mfupi wa kujaa kati ya pigo na pigo, na umebaki na nafasi ndogo kabla ya ukingo wake. Ukimtia maji ya chumvi, unauongezea kazi huku ukipunguza oksijeni katika kila tone. Mtoto huyo anahitaji damu.

Minyoo ya safura imeishi Kwale kwa vizazi. Kuanzia 2015 jaribio la TUMIKIA liliwapa dawa watu wa vijiji vya kaunti hii, likilinganisha kuwapa watoto wa shule peke yao na kuwapa watu wote majumbani. Pale jamii nzima ilipotibiwa mara mbili kwa mwaka, walioambukizwa walishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Pale waliotibiwa walipokuwa watoto wa shule tu, walishuka kutoka 18.6 hadi 13.8. Kila kaya iliyomeza dawa imempunguzia mtoto damu anayoipoteza kila siku, na hivyo kuuachia moyo wake akiba ya kukabili homa ikija.

Baada ya jaribio

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko mbaya asipewe maji ya haraka. Mwenye dalili zote tatu, yaani mikono na miguu ya baridi, ngozi inayochelewa kurudisha rangi kupita sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya haraka, apewe mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, kwa dakika 30 hadi 60, huku akichunguzwa. Mwaka 2020 miongozo ya kimataifa ya maambukizi makali kwa watoto ilishauri kwamba, mahali pasipo na wadi ya wagonjwa mahututi, mtoto ambaye presha yake haijashuka asipewe maji ya haraka.

Zambia iliongeza ushahidi kwa watu wazima. Mwaka 2017 Ben Andrews na wenzake waliripoti kutoka Lusaka kwamba wagonjwa wenye maambukizi makali na presha ya chini waliotibiwa kwa mpango wa maji ya mapema walikufa asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0.

Hakuna kati ya haya linalofuta kazi ya Latta. Mtoto anayeharisha na kukauka anahitaji maji, ya kunywa au ya mshipani, tena upesi; hao hawakuwamo katika jaribio, na maji yangali yanaokoa maisha yao. Wala Starling hakukosea. Alieleza moyo wenye afya ulioondolewa katika mwili, na alieleza ukingo wake. Kosa lilikuwa la waliochukua nusu ya maneno yake na kuyafanya tiba ya mtoto mzima, mwenye homa, asidi, damu pungufu na mishipa inayovuja.

Kwa hiyo mzazi wa Msambweni, Diani au Lunga Lunga, mtoto akipoteza fahamu, akipatwa na degedege au akihema kwa kina, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na usipime ubora wa huduma kwa ukubwa wa chupa iliyotundikwa. Daktari akisema maji yaende taratibu, anafuata elimu iliyonunuliwa kwa thamani kubwa na watoto wa Kilifi, Muheza na Uganda. Na viongozi wa kaunti wahakikishe kwamba katika kila wadi ya watoto kuna damu salama, oksijeni, na wauguzi wa kutosha wa kurudi kando ya kitanda kila baada ya muda mfupi. Hivyo vitatu huokoa watoto ambao maji peke yake hayawezi kuwaokoa.